Mwaka Nilipomwimbia Ng'ombe Hasira

Siku tuliyomzika Nanyori nilicheka kanisani, na mpaka leo sijamwomba mtu radhi. Mchungaji, kijana ambaye hakumjua marehemu ila kwa miaka yake ya mwisho ya kutembelea fimbo, alisimama mbele ya jeneza akasema huyu mama alikuwa mpole, mnyenyekevu, mke mtiifu ambaye hakuwahi kuinua sauti maishani mwake. Kicheko kikanitoka kabla sijakizuia. Wanakwaya waligeuka kunitazama. Binti yangu alinibana mkono akaninong'oneza, "Mama, jamani, tuko msibani." Baadaye, wakati wa chakula, niliwasikia nyuma ya ukuta wakisema bibi ameanza kuchanganyikiwa, ni uzee, na uchungu wa kufiwa na mdogo wake. Niliendelea kula wali wangu. Sijachanganyikiwa hata kidogo. Nanyori na mimi tulikuwa watoto wa baba mmoja, mimi wa mke mkubwa na yeye wa mke mdogo, na katika watu wote waliojaa mle ndani hakuna aliyemjua kama mimi. Ili mtu aelewe kilichonichekesha lazima nirudi kwenye mwaka mmoja wa wakati wa Wajerumani, mwaka ambao mama mmoja Mhindi alinifundisha kukasirika kwa utaratibu.

Boma la Wajerumani lilikuwa bado jeupe kwa chokaa, na nyuma yake palikuwa na nyumba za mafundi. Katika moja ya nyumba hizo alikaa Fundi Muthu, seremala kutoka Madrasi, kusini kabisa mwa Bara Hindi, aliyeletwa toka Tanga kutengeneza milango na madirisha ya nyumba za wakubwa. Wahindi wenye maduka hapa Arusha walitoka upande mwingine wa nchi yao na hawakuelewana naye lugha. Kwa hiyo mkewe, Mama Kamala, alikuwa na watu watatu wa kuzungumza nao: mumewe, sufuria zake na mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi na sita. Kila asubuhi niliteremka kutoka nyumbani kwetu, juu ya mto Themi, na vibuyu vya maziwa mgongoni. Siku ya kwanza alinusa kibuyu akakunja uso. "Maziwa yenu yameungua?" Nikamwambia hayajaungua, kibuyu kimesafishwa kwa kaa la moto la mzeituni wa porini, na maziwa yasiyonukia moshi kwetu ni maziwa ya mvivu. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza na chake pia, ila hapo tulielewana vizuri sana. Baada ya miezi michache ilikuwa yeye anayelalamika nikimletea maziwa yasiyo na moshi.

Vyumba vilikuwa viwili. Cha mbele kilijaa maranda ya mbao mpaka kwenye vifundo vya miguu, na ukikaa humo ulitoka unanukia mbao mpya siku nzima. Cha ndani kilikuwa jiko, kitanda na sala kwa pamoja. Alinilisha humo. Wali uliochanganywa na maziwa ya mgando, juu yake pilipili kavu na mbegu za haradali zilizokaangwa kwenye mafuta mpaka zikaruka na kupasuka, na vyote vimewekwa juu ya jani la mgomba. Sisi watu wa migomba, tuliozaliwa katikati ya migomba, hatukuwa tumewahi kuona mtu akiligeuza jani kuwa sahani. Nilirudi nyumbani nikawaambia, wakasema Wahindi maskini hao, hawana vyombo. Kwenye kona ya chumba hicho kilisimama chombo kirefu kilichofunikwa kitambaa, chini kina tumbo la mbao, juu kina shingo, na nyuzi nne. Mama Kamala alikilaza begani akazigusa nyuzi moja baada ya nyingine, tena na tena. Hakikutoa wimbo wowote, ila sauti ile ile moja isiyokatika, na juu ya sauti hiyo yeye akaimba. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni na vibuyu vyangu nikamjibu bila kujua ninajibu. Akanyamaza. Nilidhani nimemkosea adabu. Akasema, "Rudia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kila siku, baada ya kumimina maziwa, nilikaa juu ya maranda nikapiga paja kwa kiganja na kuzitaja ngazi za sauti kwa majina ya kwao, sa, ri, ga, ma, kupanda na kushuka, mpaka koo likauma. Alinianzishia sauti za wanafunzi, tulivu na zisizo na vituko. Nikamwuliza lini nitafundishwa wimbo. Akacheka. "Kwanza ujue raga," akasema. "Raga si wimbo. Raga ni kama mtu. Ana mwendo wake. Kuna milango anaingia, kuna milango hagusi. Mwingine ni wa asubuhi, mwingine ni wa kulia, mwingine anabembeleza. Ukimwona kwa mbali unamjua, kabla hajakuambia jina." Niliyaelewa maneno hayo upesi kuliko alivyotarajia, maana hata kwetu huwezi kuimba wimbo wa kuomba mvua kwa sauti ya kumsifu shujaa, watakutoa mbio. Na ile sauti ya nyuzi nne pia niliielewa. Kwetu wanawake wakiimba, kiongozi hupanda juu peke yake na wengine humshikia kwa chini, sauti moja nzito ya kooni isiyohama. Sikuwa na nyuzi nyumbani, lakini nilikuwa na Nanyori. Jioni tukienda kuchota maji nilimwambia, "Nishikie," naye akashika sauti ya chini tangu mtoni mpaka mlangoni bila kuyumba, mtungi kichwani, akinitazama kwa yale macho yake yasiyosema kitu. Sikuwahi kumwuliza kama naye angependa kupanda.

Katikati ya mwaka asali ikaletwa nyumbani. Kwa asiyejua mila zetu, asali hiyo ina maana kwamba mzee fulani ameomba binti na baba hajakataa. Mzee mwenyewe alikuwa wa Olasiti, rika la baba, mwenye ng'ombe wengi na wake wawili. Nilisikia maneno yote kupitia ukuta wa udongo, baba akisema msichana anashinda kwa Wahindi na ataharibika, mama akisema basi aende akiwa bado mzima. Wote wawili walizungumza kwa upole, na upole huo ndio uliniumiza. Kesho yake nililia juu ya maranda ya Fundi Muthu mpaka yakalowa. Nikamwomba Mama Kamala anifundishe ile raga ya kulia, maana nilikuwa nimemsikia akiiimba siku alipopata barua ya msiba wa kwao, na niliona kama itanitosha. "Hapana," akasema. "Wewe huna huzuni, mtoto. Wewe una hasira. Usilidanganye koo, litakufa." Akachukua chombo chake, akazigusa nyuzi, na siku hiyo hiyo akanipa raga iitwayo Atana.

Nataka niieleze vizuri, kwa sababu nimeishi nayo miaka mingi kuliko nilivyoishi na mume. Raga nyingine huanza chini, kwa adabu, zikapanda kidogo kidogo kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Atana haisubiri. Inaingia kwa juu. Makazi yake ni zile sauti za juu, na hata ikiteremka unajua inatembea tu, itarudi kwake. Ikipanda, inaruka ngazi ya tatu kana kwamba haipo. Ikishuka, inaikumbuka, lakini haiteremki moja kwa moja kama mtu aliyekata tamaa, maana kabla ya kufika chini inageuka, inarudi juu hatua, inakutazama, ndipo inashuka kwa hiari yake. Na sauti zake hazibembelezwi sana. Unazishika na kuzisimamisha. "Hii haigombani," Mama Kamala alinionya mara nilipoanza kupiga kelele. "Anayegomba ameshashindwa. Hii imekasirika na imesimama wima." Mimi niliyelelewa kuinamisha kichwa mbele ya kila mkubwa ili anishike utosini, na nilikiinamisha kwa moyo, sitaki kudanganya, niligundua kwamba huwezi kuiimba Atana shingo ikiwa imeinama. Koo linakataa. Nilijaribu.

Mama Kamala mwenyewe aliiishi. Mke wa bwana shauri, Mjerumani aliyeamua kesi za watu, nyumba ya tatu kutoka hapo, alichoka na sauti zetu, na asubuhi moja askari akaja akasimama mlangoni na kofia yake. "Wewe mama, amri imetoka. Bibi mkubwa anasema kelele zikome." Mama Kamala hakuweka chombo chini. "Mwambie bibi mkubwa afunge dirisha," akasema. "Mume wangu ndiye aliyelitengeneza. Linafungika vizuri sana." Fundi Muthu, aliyekuwa anapiga randa kwenye chumba cha mbele, aliacha kupiga randa. Askari akatazama huku na huku, akasema atafikisha. Sijui alifikisha nini, ila tangu siku hiyo dirisha lile lilifungwa kila asubuhi tulipoanza, na sisi tuliendelea.

Sasa kosa langu. Kwetu mwanamke akikamua humwimbia ng'ombe, kumtuliza, ili aachie maziwa, na mdomo unazoea kuimba chochote kilichomo kichwani. Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa chini ya Narok, ng'ombe wetu mweusi, mpole kuliko wote zizini, Nanyori ameshika ndama, na bila kufikiri nikaanza Atana, tena kule juu kabisa. Narok akakaza mwili. Akageuza kichwa kunitazama, akapiga teke kibuyu, na hakutoa tone. Mama alinifokea mpaka majirani wakasikia. Nilipomsimulia Mama Kamala alicheka akaketi chini, machozi yakamtoka, akamwita mumewe aje asikie. "Umemwimbia ng'ombe hiyo? Ng'ombe ana maziwa, wewe unampelekea vita!" Mimi sikucheka. Niliona aibu kwamba nimesoma miezi yote hiyo na bado sijui raga inaimbwa kwa nani. Leo nikifikiri naona labda ng'ombe hakusikia chochote ila mikono yangu, maana nikiimba Atana hata vidole hukaza. Vyovyote iwavyo, niliweka jambo hilo moyoni.

Kisha mke mkubwa wa yule mzee wa Olasiti akaja kuniona. Mama huyo alitaka jambo moja tu, kunitazama nikikamua, kwa sababu katika nyumba yenye ng'ombe wengi mke mwenzake asiye na mikono ya kukamua ni mzigo juu yake yeye. Alikaa kwenye kigoda karibu na mama yangu, mkufu wa shanga shingoni, hana ubaya wowote usoni, mwanamke aliyechoka akitafuta msaidizi. Nikaweka kibuyu chini ya kiwele. Nikamwangalia Nanyori aliyeshika ndama nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Nishikie." Alijua. Alikuwepo siku ya kosa, aliona kibuyu kikiruka. Angeweza kukaa kimya. Akashika sauti ya chini, imara, nami nikaingia kwa juu. Nilikwenda kwenye mapambano yangu shingo ikiwa wima, na sijawahi kuimba vile tena. Narok akakaza mwili wote. Nikavuta, hakuna. Nikapanda, nikaruka ngazi ya tatu, nikashuka, nikageuka, na kibuyu kikabaki kikavu. Mgeni akatikisa kichwa taratibu. "Mikono hii haina maziwa," akasema. Moyo wangu ulipiga vigelegele ndani kwa ndani. Ndipo akanyoosha kidole chake pembeni. "Na huyu aliyeshika ndama?"

Hilo sikulifikiria. Naandika hivyo bila kujitetea: msichana wa miaka kumi na sita, mwenye akili ya kumshinda mzee, mke wake na ng'ombe wao, sikufikiri kwamba mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu ana macho, mikono na umri wa kuolewa. Mama yake Nanyori, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimsukuma begani. Nanyori akanipa kamba ya ndama, akachukua kibuyu, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Narok, akakamua kimya kimya, na maziwa yakatoka kwa mlio ule wa kujaa povu. Hakuimba chochote. Mgeni akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Kabla mahindi hayajavunwa Nanyori alikuwa ameshaondoka kwenda Olasiti, amepakwa mafuta, ameinamisha kichwa mbele ya kila mkubwa aliyejipanga njiani. Alipofika kwangu alinitazama tu, akapita. Kwa zaidi ya miaka arobaini niliamini kwamba mtazamo ule ulikuwa chuki, na niliona ni haki yangu kuupata.

Nilimwambia Mama Kamala nikitarajia acheke tena. Alianza kucheka, nilipofika kwenye habari ya Nanyori akaacha. "Nani alikuwa anakushikia sauti?" akauliza. "Yeye." Akaupitisha mkono juu ya nyuzi bila kuzigusa. "Anayepanda juu," akasema, "anapanda kwa sababu kuna mtu amebaki chini anashika. Mimi nina mbao hii. Wewe ulikuwa na dada." Nikasema basi naacha, siimbi tena, hiyo ndiyo itakuwa adhabu yangu. Hapo ndipo alipokasirika, mara moja tu katika mwaka mzima. "Ukiacha sasa, umempoteza bure! Kesho uje. Hujamaliza kushuka." Nikaenda kesho yake na siku zote zilizofuata, nikaimaliza raga ile, mpaka milango na madirisha ya Wajerumani yakaisha na wapagazi wakaja kubeba mizigo ya Fundi Muthu. Chombo kilifungwa kwenye mablanketi mawili. Tuliagana barabarani, mimi na vibuyu vyangu vilivyojaa maziwa ambayo hakuna wa kuyanunua tena. Alinishika kidevu akakiinua. Sikupata habari zake baada ya hapo, wala sijui amezikwa wapi.

Niliolewa baadaye na mwanaume niliyemkubali mwenyewe, nikabatizwa, nikaingia kwaya na kutolewa kwaya mara tatu, kila mwalimu akisema sauti yangu haitaki kushuka pamoja na wenzake. Ni kweli haitaki. Nanyori nilionana naye kwenye harusi na misiba, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto na mvua. Mumewe alikufa, akabaki mjane mwenye heshima zake. Mwezi uliopita wakaniletea habari kwamba amezidiwa, nikaenda Olasiti. Alikuwa amelala kwenye chumba chenye dirisha dogo, kikombe cha uji wa ulezi kimepoa pembeni, mashuka yananukia dawa. Nikawatoa wajukuu nje. Nikakaa kitandani kwake, na kwa kuwa hatukuwa na siku nyingi, nikasema.

"Nanyori, siku ile ya ng'ombe. Nilifanya makusudi."

"Najua. Nilishika ndama, sikuziba masikio."

"Sikujua kwamba watakugeukia wewe. Nilikuponza, mdogo wangu. Nisamehe."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kumbe alikuwa anacheka, tumbo linatikisika chini ya shuka. "Mwaka wa kwanza mzee alinipiga," akasema. "Asubuhi yake nikaingia zizini, nikaanza lile jambo lako. Kule juu. Ng'ombe hakutoa kitu. Mzee akashinda bila maziwa. Akanipiga mara ya pili. Ng'ombe wawili wakakataa."

"Na mara ya tatu?"

"Haikuwepo mara ya tatu. Alimwita mganga, mganga akakaa zizini nusu siku, akamwambia ng'ombe wako hawapendi ugomvi nyumbani." Alikohoa, nikamnywesha uji kidogo. "Wewe na Mhindi wako mlidhani mko wawili tu. Ulinitazama lini usoni, dada? Siku naondoka nilitaka kukuambia, nimeibeba ile sauti ya juu. Lakini baba alikuwa amesimama pale."

Kisha akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu asiye na pumzi, lakini aliingia kwa juu. Akakaa huko. Akapanda akairuka ngazi ya tatu. Aliposhuka nilishika ukingo wa kitanda, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hukosea, hapo ndipo mimi mwenyewe nilikosea miezi miwili mizima, na yeye hakuwahi kufundishwa na mtu. Alifika pale, akageuka, akarudi juu hatua, akanitazama kwa macho yale yale ya siku ile alipopita mbele yangu kichwa kikiwa kimeinama, ndipo akashuka. Akaanza tena. Na mimi, bila kuambiwa, nikajikuta niko chini, nimeshika sauti moja ya kooni, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na nikaona ilivyo kazi ngumu kukaa pale bila kuyumba wakati mwenzako anapanda.

Ndiyo maana nilicheka kanisani. Hakuwahi kuinua sauti! Tulipofika kaburini kwaya iliimba wimbo wake taratibu ikamaliza, watu wakaanza kutupia udongo, nikasogea mpaka ukingoni, nikasimama wima, nikafungua koo. Sikupanda. Nilitoa ile sauti moja ya chini nikaiacha ikae. Mchungaji alishusha kitabu chake. Binti yangu akaja mbio akanishika kiwiko. "Mama, unaimba nini?" Nikavuta pumzi nikamwambia siimbi mimi, namshikia Nanyori, nikaendelea.